Zimwi kwa Dola Moja

Leo nimepata aibu yenye sijawahi kupata tangu nibatizwe. Nawaandikia hapa kwenye grupu nikiwa nimejifungia chumbani, na dada yangu anacheka jikoni. Anacheka, ananyamaza, halafu anakumbuka tena.

Acheni nianze mwanzo, musinihukumu mbio.

Kwa wenye hawanijui: naitwa Paluku, naishi hapa Goma, naimba tenori katika kwaya ya parokia yetu ("naimba" ni neno kubwa, lakini tutafika), na kazi yangu ni kutengeneza michezo ya kompyuta. Peke yangu. Sina kampuni, sina bosi, sina mutu wa kulaumu.

Muchezo wangu unaitwa Beseni. Musichana anatoka kwenye ziwa na beseni ya sambaza, samaki wadogo, kichwani. Anapita juu ya mawe ya lava, anakimbia paka, anapandisha mpaka juu ya volkano. Kule ndani ya shimo kuna zimwi mwanamuke, anangojea sambaza zake za jioni. Ukifika kwa wakati, anakula na roho inatulia. Ukichelewa, anakugombeza mpaka mulima unatetemeka na samaki zote zinamwangika. Ni hivyo tu. Miaka ya maisha yangu imeishia humo.

Nauuza kwenye duka moja kubwa la mutandaoni, lenye linauza michezo ya dunia nzima. Bei unaweka wewe mwenyewe. Musione ni kitu kidogo! Nilishinda siku nzima nikiangalia ukuta. Ukiweka dola mbili, watu wanasema hii ni takataka. Ukiweka ishirini, wanasema huyu naye anajiona nani. Nikaweka kumi. Kumi ni bei ya mutu mwenye adabu.

Kwa dola kumi walinunua watu wachache wa Poland, watu wachache wa Brazili, na binamu yangu wa Ubelgiji (hajaufungua mpaka leo, anasema anaogopa paka). Hapa Goma, hakuna hata mumoja. Nani atatoa dola kumi kwa kitu chenye hakipikwi?

Na mimi, niwaambie ukweli wote, hiyo ilinifurahisha sana. Sababu ya sauti ya zimwi.

Kiongozi wa kwaya yetu ni Mama Kahindo. Ni mutu wa Butembo, anauza vitenge kwa jumla kule Birere, na hajawahi kupunguza bei kwa binadamu yeyote. Ako na sauti kubwa. Akianza kuimba kanisani, mbuzi wa barabarani wanasimama kusikiliza. Na sisi wenye tunachelewaka repetisio, mazoezi ya kuimba, anatutumia ujumbe wa sauti kwenye telefone. Mimi nimepokea mingi kuliko wote. "Unafika saa hii? Unafika saa hii?! Yesu alikufa saa tisa, wewe unafika saa kumi!"

Nilihifadhi zote. Siku moja, zimwi akiwa bado bubu, nilichukua ile sauti, nikaiteremsha, nikaipunguza mwendo, nikaongeza ngurumo nyuma. Wapendwa! Nywele zangu zilisimama. Volkano ikapata mwenyewe. (Maneno ya Yesu niliyakata. Zimwi hawezi kuhubiri.)

Ruhusa sikumuomba. Wewe ungeomba namna gani? "Shikamoo mama, niko na zimwi hapa, nimekufikiria"?

Na ubaya wake ni huu: Mama Kahindo ndiye aliniombea kwa padri kile chumba kidogo nyuma ya ofisi ya parokia, chenye umeme wa jua. Alisema, "Huyu mutoto anafanya kazi ya akili, mumupatie kona na mahali pa kuchomeka mashine yake." Ule muchezo wote niliuandika na umeme wa Mama Kahindo. Halafu nikamufanya zimwi.

Nilijiambia hakuna tatizo. Watu wa Poland hawasikii Kiswahili. Na watu wa Goma hawatoi dola kumi. Bei ilikuwa ukuta wangu.

Sasa, leo duka limefungua promosio yake kubwa ya wiki nzima. Kila mutengenezaji anachagua atapunguza kiasi gani. Kijana mumoja wa Poland, naye anauza michezo yake peke yake, alikuwa ameniandikia: weka asilimia tisini, utaingia kwenye ukurasa wa michezo ya dola moja, ni pale watu wanapita wengi. Jana jioni nikaweka tisini. Dola kumi ikawa moja. Nikalala vizuri sana.

Chenye nilisahau ni orodha ya matamanio.

Lile duka liko na orodha ya bure. Ukitamani muchezo na huna pesa, unauweka pale, unangojea. Watu wakiuweka wengi, duka linauleta mbele. Basi siku moja baada ya misa niliomba kwaya nzima wafungue akaunti na waweke Beseni kwenye hiyo orodha. Nilinunua hata fanta za kuwashukuru. Waliweka wote, soprano mpaka besi. Nikasahau hiyo maneno kabisa.

Na bei ikishuka, munajua duka linafanya nini? Linaandikia kila mutu mwenye aliuweka. Mumoja mumoja. Kwa jina.

Asubuhi niliamuka nikaangalia mauzo. Mama yangu! Mustari ulikuwa umepanda sawa mulima wenyewe. Nikapiga magoti. Nikaenda barabarani nikanunua mikate ya mafuta kwa nyumba nzima, na nilikuwa natembea sawa mutu mwenye ana walinzi. Nikarudi kuangalia nchi za wanunuzi: Poland, Brazili, Japani... na Kongo! Bendera yetu! Nikaita dada yangu.

"Njoo uone! Wamenijua Kinshasa!"

(Kinshasa. Nilisema hivyo, kwa kinywa changu.)

Saa nane na kitu, Bahati akapiga simu. Bahati ni rafiki yangu, tunasimama pamoja kwenye tenori, na yeye pia hana sauti.

"Paluku, uko wapi?"

"Niko kwenye njia." (Nilikuwa napiga shati pasi.)

"Fanya mbio. Mama Kahindo anakungojea. Amekuwekea kiti."

"Kiti cha nini?"

"Wewe njoo tu," na nikasikia watu nyuma yake wanacheka.

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikafika kwenye sale, ukumbi wa parokia, nikiwa nimechelewa, kama kawaida. Kugombezwa, nilikuwa tayari. Nafungua mulango, watu wote wakapiga makofi!

Walikuwa wamesogeza mabenchi. Ile projektere ya katekisimu ilikuwa juu ya meza, imeunganishwa na kompyuta ya Sifa, musichana wa alto, na kwenye ukuta mweupe, mukubwa sawa ng'ombe watatu, kulikuwa na musichana wangu na beseni yake kichwani.

Nikatabasamu. Kisha nikaelewa. Tabasamu likabaki pale usoni peke yake, mimi nikiwa nimeshatoka.

Sifa ndiye ako na ile karte ya kununulia vitu vya mutandaoni. Akanishika mukono.

"Tulipata ile barua asubuhi! Dola moja! Tukasema, kaka yetu tumupe surprizi. Tumenunua karibu wote!"

Kumbe ndiyo Kinshasa yangu.

Mama Kahindo alikuwa amekaa mbele, amevaa kitenge cha sikukuu. Pembeni yake kiti kitupu, changu. Akasimama. Akatoa hotuba.

"Mimi mambo ya kompyuta siyajui," alisema. "Lakini huyu mutoto nilimuona anavyoteseka kule nyuma, wengine wanaenda kutembea, yeye anaandika. Leo dunia nzima inanunua kazi yake. Nataka tuione pamoja, mpaka mwisho."

Mpaka mwisho. Nikakaa.

Bahati akawa wa kwanza kushika muchezo, nikamushukuru Mungu. Bahati hawezi kubeba hata kikombe. Paka wa kwanza alimumaliza. Akaanza tena. Paka akamumaliza. Watu wanacheka, mimi nacheka pamoja nao, napumua. Nikasema moyoni: huyu mutu aendelee mpaka usiku uingie, tutaenda nyumbani tukiwa marafiki.

"Leta hapa," Sifa akasema. "Mimi nilicheza tangu asubuhi. Nimehifadhi, niko kwenye mulango wa shimo."

Nikaruka.

"Hapana! Pale kuna kasoro! Inaweza kuharibu mashine yako!"

"Mbona umeuza kitu chenye kinaharibu mashine?" Mama Kahindo akauliza.

Swali zuri. Nikasogea pole pole kwenye meza, nikateremsha sauti mpaka sufuri.

"Sisikii kitu," akasema Sifa.

"Eeh, kwa huu muchezo," nikasema, "sauti si ya maana sana."

Wapendwa, fikirini. Nilisema hivyo mbele ya kwaya.

Mama Kahindo akageuka na kiti chake chote.

"Sauti nini?"

"Nasema..."

"Bahati! Leta zile bafle za misa ya uwanjani."

Ni spika mbili zenye urefu wa mutu. Bahati alizisukuma, akaziunganisha, akapandisha sauti mpaka ikaanza kunguruma bila kitu. Nikatafuta mulango kwa macho. Besi wote walikuwa wamesimama mbele yake, na besi wa kwetu ni watu wanene.

Sifa akaingia kwenye shimo. Alikuwa amechelewa kidogo, sababu mimi nilimuchelewesha na maneno yangu. Moto ukapanda. Macho mawili mekundu yakafunguka kwenye ukuta. Halafu:

"UNAFIKA SAA HII?"

Madirisha yalilia. Na kwaya nzima ikasimama.

Siwadanganyi. Hakuna mwenye alifikiri, miguu yao iliwasimamisha. Soprano walijipanga. Wazee wawili wa besi walikimbia kwenye nafasi zao. Bahati, mikono juu, akajibu bafle: "Pardon, mama, kulikuwa mvua!"

"UNAFIKA SAA HII?!" zimwi akarudia.

Sifa akaangusha beseni. Sambaza zikamwangika ukuta muzima. Na hapo ukaja ujumbe wa mwisho, ule wenye nilipaswa kuukata, lakini nilijiambia mutu wa Poland ataelewa nini:

"NANI ALIKUDANGANYA WEWE NI TENORI?"

Hapo kila mutu akaniangalia. Sababu kila mutu anajua nani aliulizwa ile swali.

Mutu mumoja tu hakusimama. Mama Kahindo alibaki kwenye kiti, mikono juu ya magoti, anaangalia ukuta.

"Paluku."

"Naam, mama."

"Huyu ni nani?"

"Ni zimwi, mama."

"Zimwi wa wapi?"

"Wa... wa volkano."

"Na Kiswahili cha Butembo alijifunzia wapi?"

Nikasogea mbele yake.

"Ni wewe, mama. Nilichukua ujumbe wako wa sauti. Unisamehe."

Nilingojea. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitaondoa namna gani nyaya zangu kule chumbani, na nani atanipa umeme, na nitamwambia nini padri. Mama Kahindo akainua kidole.

"Rudisha."

"Mama?"

"Sifa, rudisha pale mwanzo. Nisikie."

Sifa akarudisha. UNAFIKA SAA HII? Madirisha yakalia tena. Mama Kahindo akafunga macho, akainamisha kichwa upande, vile anafanyaka akitafuta nani amekosea noti.

"Hapo nilikuwa na mafua," akasema. "Sikieni pale mwisho. 'Saa hii' inaanguka. Ungeniambia, ningekupa nzuri."

Hakuna mwenye alijua kama inaruhusiwa kucheka.

"Kwa nini mimi? Kwa nini si hawa wengine?"

"Nilijaribu Bahati, mama. Ikatoka sawa mbuzi mwenye amefungiwa ndani ya choo."

"Ulinirekodi mimi pia?!" Bahati akapiga kelele.

"Nilitafuta sauti ya kujaza mulima," nikasema. Na hiyo haikuwa kujitetea, ni ukweli. "Kwa huu muji najua moja tu."

Mama Kahindo akaitikia kwa kichwa pole pole. Nikaona kama amependa. Nikaona kama nimepona! Nikavuta kiti changu nikakaa.

"Sawa. Na unaniuza bei gani?"

"Kumi, mama. Dola kumi."

Akageuka. "Sifa?"

Sifa hajui kusema uongo, ni shida yake. "Sisi tulilipa moja, mama."

"Moja nini?"

"Ni promosio tu," nikasema mbio. "Asilimia tisini, ya wiki moja, watu wote wanafanya."

Sasa ndiyo alisimama. Zimwi wangu ni mudogo mbele ya vile alisimama.

"Mimi, Kahindo, niko na reduksio? Nimepunguzwa bei?"

"Si wewe, mama, ni muchezo."

"Mimi niko ndani ya muchezo?"

"Uko ndani."

"Basi mimi niko na reduksio! Tisini! Hata kitenge chenye panya amekula siteremshi tisini. Nakata ile pembe, naikalia, na ingine nauza bei yake! Kunifanya zimwi, sawa. Kuwa zimwi ni kazi. Lakini kwa dola moja? Rudisha bei yangu."

"Haiwezekani, mama."

"Rudisha sasa hivi."

"Promosio ikianza, duka linafunga bei. Huwezi kuigusa mpaka wiki iishe."

"Kwa hiyo wiki nzima niko dola moja."

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya watu wa Poland."

"Na wa Brazili, mama." (Kwa nini niliongeza hiyo? Mwenye anajua aniambie.)

Hapo kwaya ilipasuka. Bahati alianguka kabisa chini ya benchi. Mzee mumoja wa besi alikuwa analia kwenye kitambaa. Mimi nilikuwa katikati, nimesimama tena, sawa mutoto mwenye amejikojolea darasani, na kwenye ukuta, nyuma yangu, zimwi bado ananiangalia.

Sifa ndiye aliniokoa. Alikuwa amefungua ukurasa wa duka, pale wanunuzi wanaandika maoni yao.

"Mama, ona, wanakusema. Paluku, wewe unasikia Kiingereza, tusomee."

Nikasoma. Mutu wa Brazili alikuwa ameandika: Huyu zimwi ananikumbusha bibi yangu, nilisimamisha muchezo nikaenda kuosha vyombo. Mutu wa Poland aliandika: Sijui anasema nini lakini najua nimekosa. Mwingine: Michezo ya dola sitini haina sauti sawa hii.

"Soma tena hiyo ya sitini," Mama Kahindo akasema.

Nikasoma tena.

"Munasikia? Watu wenye hawanijui. Sitini." Akakaa, akatengeneza kitenge chake. "Sifa, tumalizie. Nilisema mpaka mwisho."

Safari hii hakuna mwenye aliongea, na Sifa akafika kwa wakati. Zimwi akapokea beseni. Akala. Na akishakula, anaimba. Hapo niliweka kipande cha siku Mama Kahindo alikuwa anawafundisha alto kwa telefone, anaimba bila maneno, taratibu, sijui hata kama alijua bado inarekodi. Moto unazimika kidogo kidogo, nyota zinatoka juu ya ziwa, musichana anateremuka na beseni tupu.

Kwa zile bafle, ile sauti ilijaza sale mpaka kwenye mabati.

"Hapo hukunigusa," akasema Mama Kahindo, polepole.

"Hapo sikugusa kitu, mama. Iko vile iko."

Akavua miwani, akaipangusa kwa muda murefu kuliko miwani inavyohitaji. Kisha akairudisha na akatoa hukumu, mbele ya wote. Promosio ikiisha, bei itakuwa dola kumi na mbili. Jina lake litaandikwa mwishoni, mustari wake peke yake. Jumanne nafika kule nyuma na mikro nzuri, yeye atakunywa tangawizi kwanza, tunarekodi upya mwanzo mpaka mwisho. Ya tenori inabaki, anasema hiyo aliisema vizuri.

"Na umeme?" nikauliza, sauti ndogo.

"Umeme wa nini? Unataka nirekodi gizani?"

Basi. Nimerudi nyumbani kwa miguu, sababu kila dereva wa moto pale nje ya parokia alikuwa ameshapata habari. Mumoja ameniuliza kama nataka anipunguzie nauli asilimia tisini.

Ninyi wenye munauza vitu vyenu mutandaoni, shauri langu ni moja: ukimuchukua mutu bila kumuambia, usimushushe bei.

Na tafadhali, mwenye atacheka acheke kimya kimya. Bahati amemuingiza Mama Kahindo katika hii grupu jioni hii, na hapa juu naona tayari anaandika.